Kuomba ruzuku kwa wakfu wa eneo lenu: anzeni na bajeti, maneno yafuate

Niliandika maandiko ya miradi, yaani maombi ya ruzuku ya kikundi chetu, kwa miaka kadhaa kabla ya kualikwa kwenye kamati ya wakfu inayoyasoma. Huko ndiko nilikogundua kwamba tulikuwa tukikesha kuupamba ukurasa ambao msomaji anaufikia mwisho. Wengi niliokaa nao hufungua bajeti kwanza. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu.

Hatua ya 1: Jueni fedha zao zinatoka wapi

Wakfu, yaani taasisi inayotunza fedha na kuzigawa kwa kazi za jamii, mara nyingi huwa na mtaji uliowekezwa: wa familia, wa kampuni, au wa wachangiaji wengi walioweka pamoja. Mtindo huu wa tatu ulianzia Cleveland, Marekani, mwaka 1914. Frederick Goff, mwanasheria aliyekuwa akiongoza benki, aliona wosia za marehemu zikizifunga fedha kwenye madhumuni yaliyokwisha kupitwa na wakati, akataka ziingie kwenye mfuko mmoja na matumizi yake yaamuliwe na kamati ya wakazi.

Mtaji ni kama mti: haukatwi, huchumwa matunda. Wakfu wa namna hii kwa kawaida hutoa kama 4 au 5 katika kila 100 ya mtaji kwa mwaka, na wengi hukokotoa kwa wastani wa miaka kadhaa ili soko likiyumba ruzuku zisikatike ghafla. Juu ya hapo, sehemu ya mfuko huwa na masharti. Mfadhili akishasema zake ni za masomo ya wasichana, bodi haiwezi kuzichimbia kisima, hata kiu iwe kubwa namna gani.

Tafuteni orodha ya waliopewa mwaka uliopita na viwango vyao. Mkiomba mara tatu ya ruzuku kubwa kuliko zote walizowahi kutoa, mmejichuja wenyewe.

Hatua ya 2: Pigeni simu

Swali moja linatosha: mfuko upi uko wazi sasa, na kazi kama yetu inaingia humo? Dakika kumi za simu zinaweza kuwaokolea wiki tatu za kuandika.

Hatua ya 3: Faili la mhazini

Cheti cha usajili, katiba, mihtasari ya vikao iliyosainiwa, hesabu za mwaka uliopita, na akaunti ya benki yenye jina lilelile la kwenye cheti, herufi kwa herufi. Watia saini wawe angalau wawili, wasiwe wa nyumba moja. Kikundi chetu kiliwahi kukosa ruzuku kwa sababu mwenyekiti na mhazini walikuwa mtu na mkewe. Hakuna aliyekuwa amegusa hata senti, lakini nani angemkagua nani?

Hatua ya 4: Bajeti

Hapa msiwe na haraka. Chukueni mfano wa mafunzo ya ushonaji. Bajeti inasema “Vifaa na mafunzo”, halafu jumla moja nene. Hiyo inarudi. Mchanganuo unaosomeka ni huu: vyerehani 6, mwalimu 1, wanafunzi 18, wiki 12.

Msomaji makini anaanza kuhesabu. Vyerehani 6, wanafunzi 18: wale 12 wanafanya nini? Kama kuna zamu 3, ziandikeni, na saa za mwalimu zilipwe kwa zamu zote 3. Nyuzi, sindano, umeme na matengenezo viko wapi? Cherehani kisicho na bajeti ya fundi kitageuka meza kabla ya wiki ya 12.

Gharama za uendeshaji pia ziwekeni wazi: pango, simu, muda wa mtunza hesabu. Baadhi ya vikundi huzificha ndani ya “uhamasishaji” wakidhani zinaudhi. Kinachoudhi ni kuzikuta zimefichwa. Ulizeni wakfu unaruhusu asilimia ngapi. Na chumba mlichoazimwa au saa za wanaojitolea zihesabiwe kama mchango wenu.

Hatua ya 5: Andiko lenyewe

Bajeti ikishasimama, andiko linakuwa maelezo yake: nani ana shida gani, mtafanya nini, mtajuaje kama imefaa. “Kuwajengea uwezo wanawake” halipimiki. “Wanafunzi 18 washone sare kamili bila kusaidiwa” linapimika.

Hatua ya 6: Ziara

Wakija kuwatembelea, acheni ngoma na hotuba. Toeni daftari la fedha, waonyesheni mnapofanyia kazi, waacheni wazungumze na wanufaika bila ninyi kusimama pembeni.

Hatua ya 7: Mkataba na awamu

Fedha haziji zote kwa mkupuo. Mgawanyo wa 50, 40 na 10 kwa mia si wa ajabu, na ile 10 ya mwisho huweza kungoja taarifa ya mwisho ikubaliwe. Maana yake mtamaliza kazi kabla hamjalipwa yote, kwa hiyo amueni mapema pengo hilo litazibwa na nini.

Mkitaka kuhamisha fedha kutoka kifungu kimoja kwenda kingine, ombeni ruhusa kwa maandishi kabla ya kutumia. Risiti zibanwe kwenye hati zake za malipo siku ileile, pamoja na nakala: zile zinazotoka kwenye vimashine hufifia, na mkaguzi akija mwaka ujao atakuta karatasi nyeupe.