Ukitaka kuwa meneja wa usalama kazini, anza na kufuli

Vijana wa hapa Nakuru wakinipigia simu kuhusu kazi hii, huanza kwa kuuliza wasomee cheti kipi. Nami huwauliza: hapo unapofanya kazi sasa, mashine ikikwama, nani huizima, na ufunguo hubaki kwa nani?

Niliingia kazi hii nikitokea ufundi wa mitambo, kwenye kiwanda kimoja cha sukari huko magharibi. Usiku mmoja miwa ilikwama kwenye mnyororo unaoipeleka vinuni. Mwenzangu alizima swichi, akapanda kuichomoa kwa mikono. Aliyekuwa chumba cha swichi hakumwona. Aliona tu mtambo umesimama, akauwasha. Mwenzangu alipoteza vidole vitatu. Kufuli moja kwenye swichi, ufunguo ukiwa mfukoni mwake, lingetosha.

Kwa hiyo jifunze kufunga mtambo kwa kufuli ili usiwashwe, na ujifunze kwa mikono. Zima. Kata umeme. Tia kufuli lako na kibandiko chenye jina lako. Toa nguvu iliyobaki ndani: mvuke, hewa iliyobanwa, kitu kizito kinachoning'inia. Kisha bonyeza kitufe cha kuwasha, uhakikishe mashine haiamki. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo mafundi wengi huiruka wakiwa na haraka. Mkiwa watano kwenye mtambo, makufuli ni matano, na kila mtu huondoa lake mwenyewe.

Pili, ingia kwenye kamati ya usalama na afya. Kanuni za Kenya za 2004 zinataka kila mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati hiyo, wawakilishi wa wafanyakazi wakilingana kwa idadi na wale wa menejimenti. Waombe wenzako wakuchague. Mimi nilikaa humo miaka minne bila cheo, na humo ndimo nilimojifunza kukagua, kuandika ripoti, na kumwambia mkubwa jambo asilopenda kulisikia bila kumwaibisha mbele ya watu.

Sheria ni mbili kubwa, zote za 2007: ya Usalama na Afya Kazini, na ya Fidia ya Majeraha Kazini. Katika ile ya kwanza, kishike sana kifungu cha 14. Mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, amwarifu msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha pale kabla ya kuirekebisha. Wafunulie wenzako ukurasa huo wausome wenyewe. Nimeona watu wazima wakinyamaza kwa mshangao.

Vyeti navyo vinahitajika. Diploma au digrii ya afya ya mazingira au uhandisi ni msingi mzuri. Cheti cha NEBOSH, bodi ya mitihani ya usalama kazini ya Uingereza, hukufungulia milango kwa waajiri wengi, na Chuo Kikuu cha JKUAT hufundisha shahada ya uzamili ya fani hii. Ila usikope pesa kwa ajili ya cheti kabla hujakaa kiwandani.

Sasa niko kwenye kinu cha unga. Tukitafuta msaidizi, simhoji mtu ofisini. Nampeleka kwenye maghala ya ngano nimwulize anaona nini. Wengi hutaja helmeti na glavu. Binti tuliyemwajiri mwaka jana alipitisha kidole juu ya mhimili wa chuma, akanionyesha vumbi jeupe. Vumbi hilo likitifuka ndani ya jengo na kupata cheche, hulipuka. Kisha akauliza kelele za pale zimepimwa lini, maana kanuni za 2005 zimeweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane. Sikuhitaji swali jingine.

Ukishapata kazi, fungua daftari la nusura ajali: aliyeteleza asianguke, gunia lililodondoka pasipo mtu. Usimwadhibu anayeandika, la sivyo daftari litabaki tupu na hatari zitabaki palepale. Na wiki ya kwanza, nenda zamu ya usiku, saa tisa hivi, wakati wasimamizi ni wachache na watu wamechoka. Beba tochi yako. Keti nao wakinywa chai, uwaulize ni mashine gani wanaiogopa.