Kupanga safari ya mtumbwi kwenye mto Yukon, kutoka Whitehorse hadi Dawson

Kati ya Whitehorse na Dawson City, kaskazini-magharibi mwa Kanada, mto Yukon unakatiza kilomita 715 za msitu wa misonobari, na njiani hakuna mahali hata pamoja panapokulazimisha ushuke ubebe mtumbwi mabegani. Ndiyo maana wengi huuita mto mwepesi. Kupiga kafi kweli ni kwepesi. Kinachowaponza watu ni kalenda: wanakata siku chache mno, ziwa likichafuka hawana siku ya kungojea, wanaingia majini saa ambayo wangekuwa wamekaa hemani wakinywa chai. Maji hayo ni ya baridi inayokaza misuli hata mwezi wa Julai, na msaada uko mbali. Kwa hiyo panga siku kwanza, vifaa baadaye.

Hesabu ya siku

Ziwa Laberge, lenye urefu wa kilomita 50, lipe siku 3. Kilomita 665 zinazobaki ni za mto, na kwa mwendo wa kilomita 55 kwa siku zinachukua siku 12. Weka siku 1 ya kupumzika Fort Selkirk, kituo cha zamani cha biashara kilicho njiani. Hapo umefika 16. Ongeza 3 za akiba, ziwe 19, na tiketi ya kurudi ikatwe kwa hesabu ya 19, pamoja na siku moja ya barabarani kutoka Dawson. Usiikate kwa hesabu ya 16.

Kilomita 55 kwa siku zinamtisha aliyezoea maziwa, lakini sehemu nyingi mkondo peke yake unakusukuma kilomita 6 hadi 10 kwa saa. Saa tano au sita za kafi zinatosha. Ziwani mkondo haupo, na upepo wa mbele unaweza kukubakiza na kilomita 10 tu kwa siku nzima.

Kama huna siku 19, usibane ratiba, fupisha njia. Carmacks iko takriban kilomita 320 kutoka Whitehorse, barabara inapita hapo, na siku 8 pamoja na 2 za akiba zinatosha. Asiyetaka ziwa kabisa aanzie Johnsons Crossing, kwenye mto Teslin, unaoingia Yukon pale Hootalinqua, chini ya Laberge.

Msimu ni kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Agosti. Barafu ya Laberge huchelewa kuondoka, mara nyingine hadi mwanzoni mwa Juni, ingawa mto wenyewe umeshafunguka. Juni na Julai mbu ni wengi kupindukia. Kuanzia katikati ya Agosti wanapungua, lakini usiku unaanza kuuma, na asubuhi unaweza kukuta umande umeganda juu ya hema.

Angalizo kwa aliyezoea jua la ikweta: mwishoni mwa Juni, Dawson jua huzama baada ya saa sita usiku, na giza halisi haliingii. Saa ya Kiswahili, ambayo huanza kuhesabu jua linapochomoza, hapa inakosa pa kushikia. Watu hupiga kafi saa kumi na mbili mfululizo kwa sababu bado kunaonekana, kisha siku ya tatu wanafanya makosa ya uchovu. Panga saa ya kushuka nchi kavu na uifuate, hata jua liwe utosini.

Viza, mtumbwi na barabara ya kurudi

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya kuingia Kanada, na maombi yaanze miezi kadhaa kabla. Anayeishi Toronto au Edmonton yeye ni suala la ndege hadi Whitehorse, au gari kwa barabara kuu ya Alaska.

Mitumbwi hukodishwa Whitehorse na hurudishwa Carmacks au Dawson. Kabla ya kulipa, uliza mambo manne: unaurudisha ukingo gani hasa pale Dawson, nani atakurudisha wewe Whitehorse (ni kilomita zaidi ya 500 kwa barabara), kama bei ina majaketi okozi na kafi la tatu, na kama wana kifuniko cha turubai cha kufunga juu ya mtumbwi. Hicho kifuniko si anasa, kwa sababu ya mawimbi ya Laberge na maporomoko ya Five Finger.

Kwa watu wawili chukua mtumbwi wa plastiki ngumu wa futi 17, yaani mita 5.2. Mfupi kuliko huo haubebi mzigo wa siku 19 kwa usalama. Kipimo ni rahisi: mkishapakia na mkishakaa, ubavu ubaki angalau sentimita 15 juu ya maji pale ulipo chini kabisa. Ukipungua hapo, kuna kitu kibaki nyumbani.

Sheria ya Kanada inadai jaketi okozi linalomtosha kila mtu, kamba inayoelea ya mita 15 au zaidi ya kumrushia aliyeanguka, upo (chombo cha kuchotea maji yaliyoingia mtumbwini) au pampu ya kufulia maji, na filimbi. Jaketi livaliwe na kufungwa. Kulikalia ni sawa na kutokuwa nalo, maana mikono ikishapoa haiwezi kufunga kishikizo chochote majini. Wanaofundisha usalama wa maji baridi huhesabu 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi iliyoshtuka, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inafanya kazi, na saa 1 hivi kabla baridi haijakupotezea fahamu. Hizo dakika 10 ndizo zako za kufika ukingoni, ndiyo maana mwenye akili haendi mbali na ukingo.

Nguo za pamba ziache. Zikilowa hazikauki upesi na zinanyonya joto. Vaa sufu au nguo za polyester, na seti moja kamili ya kulalia ikae kwenye mfuko usiopitisha maji, isivaliwe mchana hata iweje. Kiberiti, njiti za akiba na filimbi vikae mwilini. Mtumbwi ukienda na mifuko yote, utabaki na vilivyo mfukoni mwako tu.

Mzigo mzito ukae katikati na chini kabisa, umefungwa kwa kukazwa. Kamba zinazoning'inia humnasa mguu mtu mtumbwi unapopinduka. Upepo ukitoka nyuma, sogeza mfuko mmoja kuelekea tezi, yaani nyuma ya mtumbwi. Ukitoka mbele, upeleke omo, yaani mbele. Ukikosea hapo, mtumbwi unageuka wenyewe kama bendera na mnapoteza nguvu kuurudisha.

Chakula, moto na maji

Hesabu gramu 800 za chakula kikavu kwa mtu kwa siku. Watu wawili, siku 19: kilo 30. Si lazima mbebe zote tangu mwanzo, kwa kuwa Carmacks kuna duka. Anzeni na za siku 11, takriban kilo 18, na mengine mnunue huko, ingawa uchaguzi ni mdogo.

Mchele, dengu, tambi, shayiri, siagi ya karanga, sukari na maziwa ya unga vinafaa. Ugali unawezekana, ila unakula gesi. Upike siku ya moto wa kuni. Dagaa wabaki nyumbani, harufu yao itawaalika wageni msiowataka. Nyama kavu iliyotoka Afrika nayo inaweza kuishia mikononi mwa watu wa forodha uwanja wa ndege.

Usitegemee kuni peke yake. Kiangazi kikiwa kikavu serikali ya Yukon hupiga marufuku moto wa nje, wakati mwingine ghafla. Mtungi wa gesi wa gramu 230 huwatosha wawili siku 3 hivi kama ni kuchemsha tu asubuhi na jioni. Mitungi 7 inamaliza safari. Gesi hairuhusiwi ndani ya ndege, wala dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu, kwa hiyo vyote nunua Whitehorse.

Maji ya mto hunywewa baada ya kuchemka dakika moja au kupita kwenye chujio, kwa ajili ya vimelea vya giardia. Kuna badiliko moja la kupangia: mto White unapoingia, siku mbili tatu kabla ya Dawson, unaleta tope laini jingi mno hata unasikia linakwaruza chini ya mtumbwi kama mtu anayepepeta mchele. Chujio linaziba kwa lita chache. Kabla ya hapo jaza dumu la lita 20, na baada ya hapo teka kwenye vijito vya pembeni, au acha maji kwenye ndoo usiku kucha tope litulie, kisha uchemshe ya juu.

Dubu na mahali pa kulala

Wapo dubu weusi na wale wakubwa wa kahawia. Lala visiwani au kwenye mafungu ya kokoto yenye upepo: mbu ni wachache, unaona mbali, na dubu hawapiti mara kwa mara, ingawa kuogelea wanajua. Pikia na kula hatua 100 kutoka kwenye hema, chakula kikae huko huko ndani ya pipa linalofunga, pamoja na dawa ya meno na sabuni. Dawa ya pilipili ikae kiunoni. Ikiwa ndani ya mfuko haina kazi, kwa sababu inafika mita chache tu, na muda wa kufungua zipu hutaupata.

Kila jioni mtumbwi uvutwe juu kabisa, upinduliwe, ufungwe kwenye mti. Maji hupanda usiku bila mvua kunyesha ulipo wewe. Aliyepoteza mtumbwi kisiwani hana safari tena, ana kungoja.

Ardhi nyingi ukingoni ni ya wenyeji: Ta'an Kwäch'än upande wa Laberge, Northern Tutchone katikati, Tr'ondëk Hwëch'in huko Dawson. Kambi zao za uvuvi si za kulala wageni. Vyuma na mabaki ya meli za mvuke za zama za kukimbilia dhahabu utaviona kila mahali. Kuvichukua ni kosa kisheria.

Simu hushika Whitehorse, Carmacks na Dawson, kwingine usiitegemee. Chukua kifaa cha kutuma ujumbe kwa satelaiti, na umwachie mtu ratiba iliyoandikwa pamoja na tarehe ya kuomba msaada. Tarehe hiyo iwe baada ya siku zako za akiba kwisha, la sivyo helikopta itakukuta umelala ukingoni mwa Laberge ukisubiri upepo, kama ulivyopanga.

Mto wenyewe

Kulia na kushoto kwa mto huhesabiwa ukitazama maji yanakokwenda. Kabla ya kuondoka Whitehorse, jifunzeni kushuka nchi kavu: geuzeni omo itazame juu ya mto, pigeni kafi dhidi ya mkondo huku mkisogea upande, mguse ukingo polepole. Anayeingia ukingoni na omo mbele, tezi yake inashikwa na mkondo, mtumbwi unazunguka, na hapo ndipo wengi huanguka: mita moja kutoka nchi kavu.

Laberge ichukulie kama bahari. Wengi hushika ukingo wa mashariki. Chagua ukingo mmoja na usivuke, hata njia ya mkato ionekane imelala kama kioo. Upepo unaweza kuinuka ndani ya nusu saa. Ingieni majini alfajiri, mtoke mchana upepo unapoanza. Mawimbi yakianza kuvunjika vichwa vyeupe, shukeni hapo hapo, si kwenye ghuba inayofuata. Fungeni turubai tangu asubuhi, maana katikati ya mawimbi haifungiki.

Chini ya ziwa, kwa kilomita 50 hivi hadi Hootalinqua, mto ni mwembamba, wa kijani, unakwenda kasi. Hatari ni upande wa nje wa kona, ambako mkondo unakupeleka kwenye miti iliyoangukia majini. Maji hupita kati ya matawi, mtu hapiti. Kaa upande wa ndani, anza kusogea kabla kona haijaonekana yote.

Five Finger iko chini ya Carmacks: nguzo nne za mwamba zinagawa mto njia tano. Pita ya kulia kabisa. Sogea ukingo wa kulia mapema, ukishasikia ngurumo umechelewa kidogo. Pigeni magoti, ingieni katikati ya ulimi wa maji laini, na msiache kupiga kafi kwenye mawimbi. Mtumbwi unaoenda unasimama wima, unaoelea tu unalala ubavu. Ukipinduka, shika upande wa mtumbwi unaotazama maji yanakotoka usije ukabanwa kati yake na mwamba. Kilomita 10 chini ni maporomoko ya Rink, nayo yashike kulia.

Fort Selkirk, kwenye makutano na mto Pelly, ni pa kupumzikia pazuri: nyumba za magogo za kituo cha biashara kilichoanzishwa eneo hilo na Robert Campbell wa Hudson's Bay Company mwaka 1848. Kutoka hapo mto unapanuka, visiwa vinakuwa vingi, na kupotea njia si hatari sana kwa kuwa mikono yote inarudi mtoni. Hatari ni kukwama kwenye fungu lililofichwa na tope.

Dawson iko kulia. Alama yake ni kovu kubwa jeupe la mporomoko kwenye mlima juu ya mji, linaonekana kutoka mbali. Ukiliona, kama mahali pako pa kurudishia mtumbwi ni upande wa mji, hamia kulia mara moja. Mto Klondike unaingia hapo hapo kwa kishindo na kukusukuma nje. Chini kidogo kivuko cha magari kinavuka mchana na usiku. Kikiwa njiani pita nyuma yake, usijaribu kukitangulia. Aliyepitwa na mji hawezi kurudi kwa kafi, na mbele yake hakuna mji mwingine hadi Alaska.