Kuwapatanisha waumini waliokosana: anzia kwenye neema, si kwenye kosa

Mzee wa kanisa au kiongozi wa kikundi mara nyingi huitwa mambo yakiwa yameshaharibika. Kila upande umeshapanga ushahidi wake, na ushirika umegawanyika kimyakimya: huyu akiongoza maombi, wale hawaitikii. Ukifungua kikao kwa kuuliza nani alianza, umewageuza wote wawili kuwa mawakili. Uliza kwanza kila mmoja amesamehewa nini na Mungu.

Huo si ujanja wa kupoza hasira. Ndio utaratibu wa Paulo. Katika Waraka kwa Waefeso, sura 3 za kwanza zina agizo moja tu, nalo ni "kumbukeni" (2:11). Maagizo mengine yote yanasubiri sura ya 4, neema ikishaelezwa. Na hata hapo hasemi waumini waunde umoja. Anasema wauhifadhi (4:3), kwa kuwa upo tayari: mwili mmoja, Roho mmoja, tumaini moja, Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja, Mungu mmoja. Hukuitwa kutengeneza urafiki ambao haukuwapo. Umeitwa kulinda kitu ambacho Kristo ameshakilipia.

Kabla ya kuita mtu yeyote, jua ni ugomvi wa aina gani. Kama wanabishania jambo la dhamiri, mfano vyakula au siku za kuadhimisha, soma nao Warumi 14 mpaka 15:7. Hapo hakuna wa kutubu. Kuna wa kukaribishana. Kama mmoja amemkosea mwenzake kwa tusi, uongo au deni, njia ni ya Mathayo 18:15-17. Kama kuna kipigo, unyanyasaji wa mtoto au jinai nyingine, usiitishe kikao cha mapatano. Mlinde aliyeumizwa na upeleke jambo kwenye vyombo vya sheria. Neema haijawahi kuwa blanketi la kufunikia uhalifu, na Paulo aliliona hilo mapema (Warumi 6:1-2).

Kwenye njia ya Mathayo, swali la kwanza kwa mlalamikaji ni hili: "Umeshamwendea wewe mwenyewe, mkiwa wawili?" Kama bado, mrudishe akaanzie huko, isipokuwa kama anamwogopa kwa sababu ya msingi. Jihadhari pia na lile ombi la "tumwombee ndugu yetu fulani, ana shida na mwenzake." Mara nyingi huo ni umbea uliovalishwa joho.

Wakishindwa wenyewe, kutana na kila mmoja peke yake kwanza, na mpige pamoja hesabu ya Mathayo 18:21-35, mfano wa mtumwa aliyefutiwa deni na mfalme, kisha akakataa kumsamehe mtumwa mwenzake. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku. Talanta 10,000, deni alilofutiwa mtumwa huyo, ni dinari milioni 60. Kibarua anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka, asile chochote, angehitaji miaka 200,000 kuzilipa. Mtumwa mwenzake alidaiwa naye dinari 100, yaani ujira wa miezi kama minne. Wapatanishi wengi huharibu hapa: hukimbilia kusema deni la pili ni dogo. Si dogo. Miezi minne ya jasho inauma, na ukimwambia aliyedhulumiwa kwamba "hayo ni mambo madogo" umempoteza. Mwache alitaje deni lake lote, kisha aliweke kando ya lile alilofutiwa yeye. Usimsukume; hesabu yenyewe itasema.

Kikao chenyewe kiwe cha watu wanne basi: wao wawili, wewe, na shahidi mmoja ambaye wote wanamkubali. Tazama Wafilipi 4:2, Paulo anavyorudia neno: anamsihi Euodia, anamsihi na Sintike, wanawake wawili wa kanisa la Filipi waliokosana. Kila mmoja amepewa "namsihi" yake. Nawe gawa sawasawa, dakika 15 kwa kila mmoja bila kukatizwa, na kila mmoja aanze na kosa lake mwenyewe. Anayesikiliza arudie alichosikia mpaka msemaji akubali: "Ndivyo."

Kisha msamaha. "Samahani kama nilikukwaza" haihesabiki. Hilo "kama" linamrudishia mwenzake mzigo. Ombi la kweli hutaja tendo, madhara na hatua ya kurekebisha: "Nilisema mbele ya kwaya kwamba umekula michango. Sikuwa na ushahidi, nikakuharibia jina. Naomba unisamehe, na Jumapili nitayafuta maneno hayo mbele ya hao hao." Jibu nalo lisiwe "haina shida", maana shida ilikuwapo. Liwe "nimekusamehe." Asipoweza kulisema siku hiyo, mpe muda, msamaha wa kulazimishwa huchacha.

Pakiwa na pesa, soma Filemoni 18-19. Paulo haachi hasara ambayo huenda Onesimo alimletea bwana wake Filemoni ielee hewani. Anataka iandikwe juu yake, na anaahidi kwa mkono wake kulipa. Kwa hiyo kubalianeni waziwazi: deni limefutwa lote, au litalipwa kwa awamu za tarehe fulani, au kuna mtu mwingine atakayelibeba. Andikeni. Deni "lililosamehewa" kwa kuguna hurudi likiwa na riba ya uchungu.

Msichanganye kusamehe na kuaminiana upya. Mtunza hazina aliyechukua sadaka anaweza kusamehewa leo na kushiriki meza ya Bwana, lakini funguo za sanduku akae nazo mwingine. Hilo si kumnyima neema. Ni kumwepusha na jaribu.

Rudi kwao baada ya wiki mbili, kisha baada ya miezi mitatu. Paulo aliwakumbusha Wafilipi kwamba Euodia na Sintike walishindana pamoja naye kwa ajili ya Injili, akamwomba mtu awasaidie. Kwa hiyo wape kazi ya pamoja, ndogo na yenye mwisho: kumtembelea mgonjwa mmoja, kupanga viti vya mkutano mmoja. Kamati ya mwaka mzima iache kwanza. Mapatano bado mabichi hayastahimili vikao vya bajeti.