Kabla hujampa dawa, jua kwanza alivyoumbwa: jinsi ya kumkagua mnyama wako mwenyewe

Nimetibu wanyama miaka mingi na kitu kinachoniuma zaidi ni kimoja, watu wanamsoma mnyama kama vile wanamsoma binadamu. Matokeo yake kitu cha kawaida kabisa kinatibiwa kama ugonjwa, alafu ugonjwa wenyewe unaachwa mpaka kesho sababu dalili yake ilionekana ndogo.

Niliwahi kuletewa mbwa dume tumbo linavuja damu, mwenyewe kahangaika nae siku nzima na plaizi anang'oa kupe asiyetoka, kumbe ile ni chuchu. Mbwa dume anazo kama jike tu. Kwahiyo kabla hujavuta chochote washa tochi, panua manyoya, angalia kama kina miguu. Kupe ana miguu karibu na pale alipong'ata na mwili wake unaning'inia, chuchu imeungana na ngozi pande zote na mara nyingi utakuta zingine zimepangana kwa mistari miwili mpaka kinenani. Na ng'ombe, mbuzi au kondoo ukimfungua mdomo ukakuta juu mbele hamna meno usishtuke, hayajadondoka, ameumbwa na fizi ngumu pale.

Sasa nunua thamomita, ya kawaida tu ya kidijitali. Paka mafuta ya mgando, ingiza taratibu njia ya haja kubwa, ilaze iguse ukuta wa ndani, maana ikizama katikati ya kinyesi inakudanganya, na usiiachie, ishike muda wote. Hapa ndo watu wanapokosea, wanamshika mbwa masikio wanasema anachemka. Mbwa mwenye nyuzi 38.7 hana homa. Mbuzi mwenye 39 yuko sawa lakini farasi mzima mwenye 39 hiyo hiyo, akiwa ametulia kivulini, tayari ana homa. Kuku yeye ni kama 41 akiwa mzima. Mpime siku akiwa mzima, andika, ndo utajua ya kwake ikoje.

Ng'ombe nitakaa nae kidogo. Simama nyuma yake umwangalie pande zote mbili. Tumbo lake kubwa la kwanza, ambalo kwa ng'ombe mkubwa linaweza kubeba zaidi ya lita 100, linakaa kushoto, kwahiyo habari nyingi ziko kushoto. Nyuma ya ubavu wa mwisho kuna shimo, weka ngumi hapo ukandamize, utulie, utasikia linakusukuma pole pole kama wimbi, kwa dakika 2 litakusukuma angalau mara 2. Likinyamaza au ng'ombe hacheui, kuna tatizo. Na kama hilo shimo limejaa mpaka limepita mgongo, ukigonga linalia kama ngoma, hiyo ni gesi, ameshindwa kucheua ikatoka na sasa inamkandamiza mapafu. Mtoe kwenye chakula, msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu kwenye mwinuko, usimwache alale ubavu, piga simu sasa hivi sio baada ya chai.

Alafu kuna waya. Ng'ombe hachagui chakula kwa midomo kama mbuzi, anazoa na ulimi anameza, atatafuna baadae, kwahiyo msumari au kipande cha waya kikiwa kwenye majani kinaenda nao, kinatua kwenye kile kifuko cha mbele chenye vyumba kama sega la nyuki, na kati ya kifuko hicho na moyo kuna kiwambo chembamba tu cha kupumulia, kifuko kikijikunja waya unachoma. Utaona ghafla kagoma kula, maziwa yameshuka siku moja, anasimama kapanua viwiko, mgongo kaukunja, hataki kushuka mteremko. Finya ngozi ya mgongoni pale juu ya mabega, ng'ombe mzima ataubonyeza mgongo chini, mwenye waya atakataa na mara nyingi utamsikia anaguna. Ukisubiri mpaka mishipa ya shingo ivimbe na kifua kijae maji basi mara nyingi moyo umeshaingiliwa, na hapo kusema kweli huwa sina cha kumpa. Ndo maana naomba watu waokote waya zizini, na wamwombe daktari ampe sumaku ya kumeza, inakaa humo maisha yake yote inashika vyuma. Ukitaka kujua kama anayo tayari, sogeza dira karibu na kifua nyuma ya kiwiko cha kushoto, sindano itageuka.

Farasi na sungura wote hawawezi kutapika. Farasi akitoa chakula puani amekabwa, ondoa chakula na maji, usimmiminie mafuta wala chochote mdomoni maana kitaenda mapafuni. Sungura asipokula wala kutoa kinyesi kwa muda wa masaa 12 hiyo ni dharura, sio "tumwangalie", na mara nyingi chanzo ni meno, yanakua maisha yote yasiposagwa na majani yanamtoboa ulimi au shavu. Ukimuona anakula vile vinyesi laini vinavyotoka mwilini mwake muache, anarudisha vitamini.

Kuku mshike mabawa yakiwa yamekunjwa mwilini, usimbane kifua, hana kiwambo kama chetu, anapumua kwa kutanua kifua, ukikibana kakosa hewa mikononi mwako. Asubuhi kabla hajala papasa gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo, liwe tupu. Likiwa gumu kama jiwe limeziba, likiwa laini lina maji na mdomo unanuka uchachu, limechachuka. Usimning'inize kichwa chini umtapishe, nimeona wengi wakifa hivyo.

Paka dume akienda kuchuchumaa mara kwa mara, analia, hamna kitu kinachotoka, watu husema kafunga choo. Njia yake ya mkojo ni nyembamba sana na imeziba, ana siku mbili tatu tu. Usimpe paracetamol kwa ajili ya maumivu, hata kidogo, ini lake halina njia ya kuivunja na itamuua.

Ukipiga simu uwe na joto lake, alikula lini mara ya mwisho, alikojoa na kunya lini, na kavidio ka sekunde 30 akiwa anapumua amesimama. Na kama ulishampa dawa yoyote ya watu taja jina na kiasi, hata kama unaona aibu, maana kuna dawa nyingine siwezi kumchoma juu ya hiyo.