Hita ya maji na Home Assistant, angalieni ampea kwanza

Wandugu wa Tanga mnaotaka kuendesha hita ya bafuni kwa Home Assistant (programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani), asee kabla hujanunua swichi ya waifai soma kibandiko cha hita. Hita ya wati 3000 kwa volti 230 inavuta kama ampea 13, sasa zile swichi ndogo zimeandikwa ampea 10, zitaungua tu, mie ya kwangu hapa Raskazone iliyeyuka plastiki na nilishtuka kweli maana watoto walikuwa wamelala. Weka kontakta ya ampea 25, yani swichi kubwa inayowashwa kwa umeme mdogo, swichi ndogo iwashe kontakta tu afu mzigo wote upite kwenye kontakta, na fundi umeme aliyesomea ndo afunge, kwenye boksi lililozibwa vizuri maana hewa ya chumvi huku inakula chuma.

Thamostati ya hita yenyewe, ile inayokata umeme maji yakishapata moto, usiiguse kabisa, iache, ndo ulinzi wako.

Kwenye swichi ya waifai weka Tasmota, programu ya bure ya kuendeshea swichi hizo, andika PowerOnState 0, yani umeme ukikatika ukarudi hita inabaki imezima, haiwaki yenyewe mko kazini. Afu kwenye Home Assistant nimepanga iwake saa 11 alfajiri izime saa 12, lita 50 kutoka nyuzi 27 mpaka 60 zinakula karibu yuniti 2 za LUKU, hapo unajua kabisa unacholipia. Na swichi na Home Assistant vinaongea kwa waifai ya ndani ya nyumba bila intaneti, bando likiisha maji yanachemka vilevile.