Mwenyekiti wa mtaa akikudai hela ya soda: hatua za kufuata

Mimi ni msaidizi wa kisheria Temeke, Dar es Salaam. Malalamiko yanayonifikia ni yale yale: barua ya utambulisho haitoki bila "hela ya soda", au mwenyekiti anataka asilimia 10 ya bei ya kiwanja ndipo agonge muhuri kwenye mkataba wa mauziano. Watu wananung'unika kijiweni na kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, kisha wanalipa. Inaniuma, kwa sababu manung'uniko hayafunguliwi jalada.

1. Mjue unayemlalamikia. Mwenyekiti na diwani tumewapigia kura. Mtendaji wa mtaa na wa kata ni waajiriwa wa halmashauri, kwa hiyo wao barua yao inakwenda kwa mkurugenzi wa manispaa, au wa jiji kama uko Ilala. Diwani anabanwa na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, ile inayomtaka atoe tamko la mali na madeni yake. Mpeleke Sekretarieti ya Maadili. Mwenyekiti wa mtaa, anzia kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mkurugenzi.

2. Usilipe kwanza. Hapa ndipo wengi wanapojifunga. Malipo halali ya halmashauri yana namba ya kumbukumbu ya malipo na risiti. Sema kwa adabu: "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba namba nikalipie kwenye simu." Asilimia 10 ya kiwanja chako haina namba hiyo. Kumbuka pia kuwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamkamata mtoaji kama inavyomkamata mpokeaji. Aking'ang'ania, piga 113, simu ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kabla hujatoa hata shilingi. Mtego huwekwa pesa ikiwa bado mfukoni mwako.

3. Andika siku hiyo hiyo. Usiandike "mwenyekiti wetu ni mla rushwa". Andika hivi: "Jumanne saa nne asubuhi, ofisi ya serikali ya mtaa, niliomba barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki. Mwenyekiti alisema nitoe shilingi 10,000. Nilipoomba risiti alisema hakuna. Jirani yangu alikuwepo, yuko tayari kuhojiwa." Tarehe, mahali, maneno yaliyotamkwa, kiasi, shahidi. Uliyoyasikia kwa watu yaache.

4. Nenda na nakala mbili za barua hiyo. Moja inabaki masjala, yaani ofisi ya kupokea na kutunza barua, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Barua isiyo na muhuri huo itasemwa haikufika, nawe hutakuwa na la kujibu.

5. Tumia mkutano wa mtaa. Mkazi yeyote wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria. Uliza mapato na matumizi. Uliza ni vikundi gani vya mtaa wenu vimepata mikopo ya halmashauri ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na nani alivipitisha. Kisha omba swali lako liingie kwenye muhtasari, na mkutano ujao, muhtasari ukisomwa, sikiliza kama limo. Likiwa limeachwa, simama kabla haujathibitishwa. Tuhuma ya mtu mmoja mmoja usiitangaze pale. Hiyo ni kazi ya barua yako.

6. Kimya kikizidi, andika tena. Taja tarehe iliyo kwenye muhuri wa barua ya kwanza, ambatisha nakala yake, na safari hii iende pia kwa mkuu wa wilaya.