Kabla hujakata rufaa ya bega VA

Barua ya VA, idara ya maveterani wa Marekani, ikija na jibu baya, madai ya bega yamekataliwa au asilimia ya ulemavu ni ndogo kuliko ulivyotarajia, fomu ya rufaa isiwe kitu cha kwanza kushika. Una mwaka mmoja kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua. Isome kwanza mpaka ujue umeangukia wapi. Kwa kawaida idara hii haikubali bega mpaka yatimie mambo matatu: maradhi au jeraha lililopo sasa, jambo lililokupata ukiwa jeshini, na maelezo ya kitabibu yanayounganisha hayo mawili. Barua hutaja pia yale waliyokwisha kuyakubali upande wako. Hayo hayapinduliwi kirahisi na atakayeamua baadaye, kwa hiyo usiyatetee upya. Pambana na lile lililokosekana.

Omba pia nakala ya faili lako lote kwa fomu 20-10206. Ndani yake mna ripoti ya uchunguzi wa kitabibu iliyotumika kukuamulia, na mara nyingi tatizo limejificha humo.

Kama mzozo ni wa asilimia, hesabu zake ni za nyuzi. Bega zima hupandisha mkono hadi nyuzi 180, kwa mbele na kwa pembeni. Ukikomea 90, yaani usawa wa bega, ni asilimia 20 kwa mkono wowote. Ukikomea 45, ni 30 kwa mkono unaoutumia zaidi, lakini ule mwingine unabaki 20. Ukikomea 25, ni 40 kwa huo wa kwanza na 30 kwa wa pili. Tazama pengo lililopo hapo: anayetumia kulia, na mkono wake wa kushoto unafika nyuzi 45 tu, yuko kiwango kimoja na yule anayefika 90. Ndiyo maana kisanduku cha mkono unaoutumia zaidi, kwenye ripoti ya uchunguzi, kikijazwa vibaya, asilimia 10 zinaweza kupotea bila mtu kugundua. Wala usidai mara mbili kwa kuwa mkono haupandi mbele na pia haupandi pembeni. Hukumu ya Yonek ya 2013 ilishafunga mlango huo: kifungu 5201, kinachopima mkono unaopanda kwa shida, hutoa kiwango kimoja kwa bega moja.

Maumivu yana nafasi yake, ila si ile watu wanayoidhania. Anayeumia akiinua mkono, hata akivuka nyuzi 90, kwa kawaida hupewa ile 20 ya chini. Kupata asilimia ya juu zaidi kunahitaji maumivu yanayouzuia mkono kweli, na hapo ndipo ripoti nyingi zinapobomoka. Mpimaji anatakiwa atumie goniometa, kifaa cha kupimia nyuzi za kiungo, si kukadiria kwa jicho. Tangu hukumu ya Correia ya 2016, anatakiwa apime mkono ukiinuliwa na mwenyewe na ukiinuliwa na mpimaji, ukiwa na mzigo na bila mzigo, na kulinganisha na bega la pili likiwa zima, au aeleze kwa nini haikuwezekana. Na kuhusu siku zile bega linapochachamaa, hukumu ya Sharp ya 2017 inamtaka akadirie nyuzi zinazopotea kwa kutumia maelezo yako na kumbukumbu zilizopo, hata kama siku ya kupimwa lilikuwa limetulia. Ukikuta ameandika tu kwamba hawezi kusema bila kubahatisha, na hakuna sababu, hapo una hoja nzito ya rufaa.

Siku ya uchunguzi, maumivu yanapoanza sema palepale, usikaze meno ili umalize zoezi. Usiigize pia: jinsi unavyovua koti inaweza kuandikwa.

Bega linalochomoka lina kifungu chake, 5202. Huko kinachoangaliwa ni linachomoka mara ngapi na kama unaulinda mkono kwa kila harakati au ukifika usawa wa bega tu. Andika tarehe, ulikuwa unafanya nini, nani alilirudisha, mkono ulifungwa siku ngapi.

Kama kilichokosekana ni uhusiano na jeshi, tafuta daktari atakayeandika sababu, si sahihi tu. Neno “inawezekana” halitoshi. Kizingiti ni hamsini kwa hamsini au zaidi. Aonyeshe amesoma kumbukumbu za jeshi, ataje tukio lenyewe, aeleze jinsi lilivyoharibu kano au kiungo, kisha ajibu mapema swali litakaloulizwa: kwa nini isiwe umri, au kazi ya kubeba mizigo uliyoifanya baadaye?

Kumbukumbu zikikosekana, usikate tamaa. Moto wa 1973 kwenye ghala la kumbukumbu huko St. Louis, Marekani, uliteketeza mamilioni ya mafaili ya wanajeshi, na kesi ya Jandreau ya 2007 ilihusu mtu aliyesema bega lake lilichomoka mafunzoni, huku kumbukumbu zake zikiwa zimeungua. Mahakama ilisema maelezo ya asiye daktari hayawezi kutupwa kwa sababu tu kwamba si daktari. Tumia fomu 21-10210, ya maelezo ya mashahidi. Mkeo anaweza kueleza alivyoona unashindwa kufikia kabati la juu. Kutaja kano gani imechanika si kazi yake. Ndugu akiandika kwa Kiswahili, ambatanisha tafsiri ya Kiingereza.

Sasa ndipo uchague njia. Ukiwa na ushahidi mpya, fomu 20-0995 ndiyo nyepesi zaidi. Fomu 20-0996 humpelekea afisa mwandamizi faili lilivyo; inafaa pale kosa linapoonekana waziwazi, kama ile ripoti ya uchunguzi iliyopungukiwa, na haipokei karatasi mpya. Fomu 10182 hukufikisha kwa jaji wa Bodi ya rufaa ya maveterani, nayo ina milango mitatu: faili lilivyo, ushahidi ndani ya siku 90, au kusikilizwa na kisha siku 90 za kuongeza ushahidi. Ajali ya kawaida ni mtu kuchagua mlango wa kwanza halafu akatuma picha za MRI. Jaji haruhusiwi kuzitumia, ziwe nzuri namna gani. Kabla ya kutia sahihi, muulize mwakilishi aliyeidhinishwa. Mashirika ya maveterani hufanya kazi hiyo bure.

Bodi ikikataa, ushahidi mpya ukiwasilishwa ndani ya mwaka hulinda tarehe yako ya kuanza kulipwa. Ukitaka mahakama ya rufaa ya maveterani, una siku 120 tu, na taarifa inakwenda mahakamani moja kwa moja, si VA.